Wakikuuliza maoni kuhusu ploti ndogo, wewe uliza upana wa njia

Swali:

Salaam aleikum. Naishi Bamburi kwenye nusu eka tuliyoachiwa na marehemu baba, sisi ndugu wanne. Nyuma yetu kuna shamba la eka tano lenye nyumba moja kuukuu na minazi. Juma lililopita tulikuta tangazo langoni mwake: mwenyewe anaomba kulikata ploti za 50 kwa 100, na matumizi yabadilishwe kutoka nyumba moja hadi makazi ya familia nyingi. Tumepewa siku 14 tupeleke maoni. Chifu naye ameita mkutano Jumamosi, na tunaambiwa huenda mtaa wote ukafuata mkondo huo. Majirani wengine wanataka tukatae katakata. Mjomba anasema tusijisumbue, mambo haya huwa yameshapikwa. Mimi sijui nikatae au nikubali. Je, maoni yetu yana uzito wowote?
Msomaji, Bamburi

Jibu:

Wa aleikum salaam, dada yangu. Wengi wanaoniandikia kuhusu ardhi huwa wameshakata shauri, wanachotafuta ni hoja za kumshinda jirani. Wewe umekiri kwamba hujui, na mtu wa namna hiyo ndiye anayesaidika. Kwa hivyo nitakuambia mapema ninavyoona, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kazi ya kupanga mitaa hapa Pwani. Usimalize nguvu zako kupinga udogo wa ploti. Pigania upana wa njia, pigania mahali majitaka yatakapokwenda, na upiganie sasa kabla mpima ardhi hajasimika bikoni, yale mawe ya mipaka.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Ikiwa ni mraba kamili, kila upande una futi 208 na kitu. Zipange humo ploti za 50 kwa 100, ambazo kila dalali wa Mombasa anazitaja hata usingizini: nne upande huu, nne upande ule, zikitazamana. Futi 100 na futi 100 ni 200. Kilichobaki cha kupita ni futi 8. Lori la kunyonya majitaka lina upana wa karibu futi hizo hizo 8, na hapo hujahesabu vioo vya pembeni. Dalali anayekuambia kwamba eka inatoa "nane kamili" hajakudanganya kuhusu ploti, ila njia hakuitaja.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa njia ya mita 9, kiasi ambacho sisi wapangaji kwa kawaida tunakitaka hata kwa mtaa mdogo. Hizo ni kama futi 30. Kila ploti inabaki na kina cha futi 89 badala ya 100. Ploti ni nane vile vile, zimepungua futi 11 tu kila moja. Mwenye shamba bado atauza nane, na bado atapata pesa nzuri. Futi hizo 11 ndizo zitakazoamua kama wajukuu wenu wataishi mtaani au kichochoroni.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu nimeona mwisho wake. Miaka kadhaa nyuma niliitwa na familia moja huko Kisauni, wakati wa masika. Nyumba yao ilikuwa nzuri kabisa: vigae sakafuni, lango la chuma lililopakwa rangi mpya. Uani, kifuniko cha shimo la choo kilikuwa kimeinuliwa na maji, na uchafu ulikuwa unatambaa kuelekea mlango wa jikoni. Lori la kunyonya lilikuwa limekuja, limesimama barabara kubwa. Dereva aliunganisha mipira yote aliyokuwa nayo, ikafika nyumba ya tatu kutoka kwao, ikaishia hapo. Njia yenyewe niliipima kwa hatua zangu: hatua tatu, ukuta kwa ukuta. Usiku ule walilipa vijana wakachota kwa ndoo. Mama mwenye nyumba alinitolea hatimiliki yake kutoka kwenye mfuko wa plastiki na ramani iliyopigwa muhuri, akaniuliza kosa lake ni lipi. Hakuwa na kosa. Karatasi zote zilikuwa halali, na aliyekata shamba lile alikuwa ameshauza na kuondoka zamani.

Bomba la maji unaweza kulivuta baada ya miaka kumi. Taa za barabarani zitakuja, kifusi kitamwagwa, hata shule inaweza kupatikana jirani. Upana wa njia hauongezeki. Hatimiliki zikishatoka kwa watu 40, kila mmoja na ukuta wake, nani atabomoa wa kwake apishe gari la wagonjwa? Ndiyo maana nasema dirisha lenu ni hizo siku 14.

Jambo la pili liko chini ya miguu yenu. Ukanda wetu wa pwani umekaa juu ya jabali la matumbawe, jiwe lile lile ambalo kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kulichimba mwaka 1954. Ni jiwe lenye matundu na nyufa. Maji yanayomwagwa juu hushuka upesi, na ndiyo sababu watu wetu wanapenda kujenga hapo: shimo la choo halijai haraka. Lakini majitaka ya shimo lisilojaa yamekwenda wapi? Yamekwenda kwenye maji ya visima. Sehemu kubwa ya Kisauni na Nyali haina bomba la majitaka, kila nyumba ina shimo lake. Na kwa kuwa maji ya bomba yanatoka mbali, kama yale ya Baricho kwenye mto Sabaki, na hayaji kila siku, kila nyumba inataka pia kisima chake.

Wataalamu wa maji hupendekeza walau mita 30 kati ya kisima na shimo la choo. Ploti ya 50 kwa 100 ina mita 15 kwa 30. Ukichimba kisima ukutani huku na shimo ukutani kule, umeifikia mita 30 kwa shida, halafu jirani wa nyuma anachimba shimo lake nyuma ya ukuta ule ule ulikoweka kisima. Hakuna aliyevunja kanuni kwenye ploti yake, na bado nyote mnakunywa majitaka. Kwenye matumbawe hata hizo mita 30 si dhamana, maana ufa mmoja unaweza kuyabeba maji mbali zaidi. Kwa hiyo ploti ndogo kwa hapa kwetu zinawezekana iwapo tu majitaka yanakusanywa pamoja: mfumo mmoja wa kusafisha kwa shamba zima, kwenye kipande kilichotengwa, chenye mlango ambao lori linaufikia. Nimeona mitaa iliyofanya hivyo na inakalika vizuri.

Hapa nakuomba ulisome tena tangazo, maana lina mambo mawili ndani yake na watu huliona moja. Kukata ploti za 50 kwa 100 ni ombi moja. Kubadilisha matumizi kutoka nyumba moja hadi makazi ya familia nyingi ni ombi jingine, na ndilo zito. Eka tano zinatoa ploti kama 40. Kila ploti ikiwa na familia moja ya watu watano, wote ni 200. Kila mtu akitumia lita 50 kwa siku, ni lita 10,000, yaani bowza moja kubwa, lori la tangi la maji, kila siku. Huo ni mzigo unaobebeka. Lakini kila ploti ikipandishwa ghorofa za fleti kumi, watu ni 2,000 na bowza ni kumi kwa siku, na karibu maji hayo yote yatateremka chini kama majitaka kwenye jabali lile lile. Kwa hivyo usiulize tu ploti ina ukubwa gani. Uliza ni nyumba ngapi zitakazoruhusiwa juu ya kila ploti, ni ghorofa ngapi, na jengo litafunika sehemu gani ya ardhi. Ikiwa tangazo halisemi, hiyo peke yake ni hoja ya kuandika.

Sasa niwaseme kidogo majirani wanaotaka kukataa katakata. Naelewa uchungu wa kuona minazi inakatwa. Lakini tukumbuke ploti kubwa zilitoka wapi. Daraja la kwanza la Nyali, lile la kuelea, lilifunguliwa mwaka 1931, na ng'ambo ile ikawa ya nyumba za bustani kubwa za wenye magari. Wapishi, walinzi na wachuuzi wa mji huo huo walijibanza Kongowea na Maweni, bila ploti zilizopimwa, bila njia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti yetu ya Mombasa, ambayo nchi yake kavu ni takriban kilomita za mraba 220. Watu hao lazima walale mahali. Tukikataza ploti ndogo zilizopimwa, hatuzuii watu kuja. Tunawasukuma kwenye ploti ndogo zisizopimwa, au kwenye nyumba bila ardhi, ambapo mtu anajenga kwa jasho lake juu ya ardhi ya mwingine na kulipa kodi ya kiwanja maisha yake yote bila karatasi. Mwalimu au nesi anayeweza kununua ploti ya 50 kwa 100 yenye hatimiliki na njia ya lori si adui wa mtaa wenu.

Tena lipo linalokuhusu wewe mwenyewe. Nusu eka, ndugu wanne. Siku mtakapotaka kila mmoja awe na lake, iwe mmegawana kwa Kadhi au kwa makubaliano, kila fungu litakuwa dogo. Ikiwa mtaa wenu umebaki na sharti la ploti kubwa tu, hamtaweza kukata. Mtakaa kwenye hatimiliki moja ya pamoja, na mwenye haraka ya pesa atawashinikiza wengine muuze yote. Nimeona familia za Pwani zikipoteza ardhi ya baba kwa njia hiyo, bila hata kudhulumiwa na mtu wa nje. Kwa hiyo kabla hujatia sahihi barua ya "hatutaki ploti ndogo", kaa na ndugu zako kwanza.

Tuje kwa mjomba. Hajakosea sana. Nami nimekaa kwenye mikutano ambayo karatasi ya mahudhurio ilizungushwa pamoja na soda, kisha karatasi ile ile ikaambatishwa kwenye faili kama ushahidi kwamba wananchi wameridhia. Ila dawa ya hilo si kukaa nyumbani. Kifungu cha 10 cha Katiba kimeuweka ushiriki wa wananchi kati ya misingi ya utawala, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 115, inaulazimisha katika mipango ya kaunti. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kanuni za tumbaku, ilieleza kwamba ushiriki huo uwe wa kweli na wenye maana, usiwe wa kutimiza desturi tu. Miaka mitano kabla yake, Mahakama Kuu ilikuwa imeitupa sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hivyo anayeshughulikia faili yenu anajua kwamba hoja iliyoandikwa na kupuuzwa inaweza kumrudia mahakamani. Isiyoandikwa haitamrudia kamwe.

Ombi la mtu mmoja kama la jirani yenu linaongozwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kifungu cha 58 kinamtaka mwombaji autangazie umma, na tangazo hilo liwaalike watu kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Mkutano wa chifu ni kitu kingine. Chifu ni afisa wa serikali ya kitaifa na hatoi kibali cha kukata ardhi. Nenda Jumamosi, usikilize, uulize kama yupo afisa wa mipango wa kaunti na kama mchoro umeletwa. Ukipewa karatasi ya mahudhurio, andika juu ya sahihi yako "nimehudhuria tu". Lakini usidhani kwamba kusema pale kumetosha. Maoni yenu lazima yafike ofisi iliyotajwa kwenye tangazo, kwa maandishi, ndani ya siku hizo, na nakala yako irudi na muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Kesho asubuhi, usingoje Jumamosi, nenda ofisi hiyo na namba ya ploti iliyo kwenye tangazo uombe kuuona mchoro wa ugawaji. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu ombi la maandishi, na wewe una 14, kwa hiyo andika ombi na pia simama kaunta. Wakikataa, barua yako iseme hivyo: tuliomba mchoro tarehe fulani, hatukuonyeshwa.

Barua yenyewe iwe fupi. "Tunaogopa wageni" au "bei ya nyumba zetu itashuka" havitambeba mtu mbali, na vinampa afisa sababu ya kuwaona watu wa choyo. Andika vitu vinavyopimika. Kwa mfano: "Tunaomba kibali kisitolewe mpaka mchoro uonyeshe njia za ndani zisizopungua mita 9, kipande kilichotengwa kwa mfumo wa pamoja wa majitaka, na mkondo wa maji ya mvua usioishia kwenye ploti zetu. Tunaomba pia kila ploti iwekewe kikomo cha idadi ya nyumba." Hayo ni masharti, na afisa anaweza kuyaandika kwenye kibali kama yalivyo. Mkisema "hapana" tupu, anachagua kati yenu na mwenye shamba, na mwenye shamba ana wakili. Mkimpa masharti, mmempa njia ya kusema ndiyo bila kuwaumiza.

Wapitishieni barua hiyo waitie sahihi hata wasio na hatimiliki: wapangaji, na wale wanaolipa kodi ya kiwanja. Mtu hahitaji kumiliki ardhi ili awe na haki ya kusema kuhusu maji anayokunywa.

Uamuzi ukitoka na hamkuridhika, kifungu cha 61 kinampa mwombaji na hata mtu mwingine anayeguswa na jambo hilo siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya masuala ya mipango ya ardhi, na baada ya hapo ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 zinayeyuka, kwa hiyo mtu mmoja kati yenu apewe kazi ya kufuatilia faili kila juma. Na mkiona tingatinga limeingia kabla ya kibali, hilo ni kosa: sheria hiyo hiyo inataja faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Kuhusu fununu kwamba mtaa wote utafuata, hilo lina utaratibu wake tofauti: ni mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo zima, unaotangazwa na kaunti yenyewe na unaohitaji kupitishwa na bunge la kaunti. Hapo mwakilishi wa wadi yenu ana kura, naye anafaa kuanza kusikia habari za upana wa njia kutoka kwenu sasa hivi. Kwangu mimi hilo ndilo jukwaa bora kuliko kupambana shamba kwa shamba, kwa sababu linaweza kuunganisha njia za mashamba yote. Shamba moja likikatwa peke yake, hata kwa njia ya mita 9, njia hiyo inaweza kuishia kwenye ukuta wa jirani.

Ukutani mwenu, labda. Hilo nalo mliangalie: njia ya shamba hilo itatokea wapi? Ikiwa inatokea kwenye kijia mnachotumia sasa, basi Ijumaa jioni chukua futikamba na mmoja wa watoto, pimeni kijia hicho kutoka ukuta hadi ukuta, mahali penye wembamba kupita pote. Piga picha futikamba ikiwa imevutwa. Namba hiyo iwe mstari wa kwanza wa barua yenu, na Jumamosi, chifu atakapouliza nani ana swali, simama uisome.